Mwalimu, jaribio la kwenye kioo ni jaribio kweli?

Barua za mwezi huu karibu zote zimezungumzia zana za mtandaoni ambazo mwanafunzi hazitazami tu bali anazigusa, anazibonyeza na kuzigeuza. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inahusu somo nililofundisha kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu najua walimu wengi mko katika hali ileile.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Fizikia katika shule ya kata wilayani Kilindi. Maabara yetu ina kuta na paa, ndani kuna meza tu. Nina laptopu ndogo na kishikwambi nilichopewa baada ya sensa. Mwenzangu amenionyesha majaribio ya PhET, yale ya kufanyia kwenye kioo cha kompyuta, nikayapenda sana. Lakini mkuu wangu anasema ule ni mchezo, watoto watafika kwenye mtihani wa vitendo hawajui hata kushika waya. Je, nawasaidia au nawapotosha? — Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ngoja nikusimulie kipindi kimoja, kisha utaona mkuu wako yuko sahihi wapi na wewe uko sahihi wapi.

Mwaka 2018 nilikuwa na darasa la wanafunzi 63 Korogwe, mada ikiwa umeme. Nilichora ubaoni betri moja na balbu moja. Nikasema: sasa naongeza balbu ya pili, nazipanga kwa mfululizo. Kabla sijagusa chochote, kila mmoja aandike kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, balbu ipi itawaka zaidi: iliyo karibu na chanya, ile ya pili, au zitalingana? Nikapita kati ya madawati nikisoma. Wengi waliandika ya kwanza. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kipindi kizima huwa hafungui mdomo, alisimama kutetea jibu lake: "Mwalimu, ya kwanza inakula umeme, ya pili inapata makombo."

Sikumsahihisha. Niliwasha projekta ya kuazima, nikafungua jaribio la kuunda saketi, yaani njia ya kuzungukia umeme, nikaburuta balbu ya pili mahali pake. Zote mbili zilififia, zikalingana. Vidoti vya bluu vinavyosimama badala ya elektroni vilikuwa vikitembea kwa mwendo uleule kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ile ya pili. Darasa likanyamaza. Binti akaomba ajaribu mwenyewe. Akageuza betri, chanya kukawa hasi. Balbu zikabaki zinalingana. Akachukua amita, kipimo cha mkondo wa umeme, akaipachika sehemu tatu tofauti, akasoma namba ileile mara tatu. Akarudi kukaa, akakata jibu lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jipya chini yake. Daftari lile ningeliweza ningelihifadhi.

Lakini kipindi hakikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayotaka umwonyeshe mkuu wako. Nilikuwa nimenunua kwa fundi redio balbu mbili za tochi za zamani, zile zenye waya mwembamba ndani, pamoja na betri mbili na vipande vya waya. Tukaunga. Balbu moja ikawaka zaidi ya nyingine! Watoto wakapiga kelele kwamba kompyuta imetudanganya. Nikawauliza: tutajuaje kama ni kosa la mahali ilipo au ni balbu yenyewe? Kijana mmoja akasema tuzibadilishane nafasi. Tukabadilishana. Ile yenye mwanga mkali ikaendelea kuwa kali hata ilipokuwa ya pili. Basi tofauti ilikuwa ndani ya balbu, haikutoka kwenye foleni ya umeme. Sikuwafundisha mimi hilo. Kioo kiliwapa wazo safi, vitu halisi vikawaletea ubishi, na wao wakautatua.

Unaona sasa. Kwenye kioo, balbu mbili ni pacha kabisa, waya haulegei, betri haichoki mpaka uiamuru ichoke. Ndiyo maana wazo linaonekana wazi. Na ndiyo maana peke yake halitoshi kwa mtihani wa vitendo, ambako mtoto lazima ajue kwamba mshale wa amita ukiutazama kwa upande unasoma vibaya, na kwamba kibano chenye kutu kinaweza kukata mkondo wote. Hapo mkuu wako ana haki.

Neno "mchezo" ndilo sikubaliani nalo. PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Mtu wa namna ile angeweza kukaa na maabara yake. Aliamua kuhangaika na namna wanafunzi wa kawaida wanavyoelewa, au wanavyoshindwa kuelewa. Mwaka 2005 watafiti wa chuo hichohicho walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi waliojifunza saketi kwa vifaa halisi na waliojifunza kwa jaribio la kwenye kompyuta. Wa kompyuta waliwapita wenzao kwenye maswali ya kuelewa, na walipopewa waya na balbu za kweli waunde saketi na kuieleza, waliwapita tena. Nenda na hoja hiyo ofisini, kwa adabu.

Ila angalia usije ukakianza kipindi kwa kuwasha projekta. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi. Watoto wanatazama rangi, wanafurahi, kengele inalia, na kesho bado wanaamini balbu ya kwanza inakula umeme. Waandike utabiri kwanza, kwa wino, tena waseme kwa nini. Mtoto aliyeweka neno lake kwenye karatasi anatazama kioo kwa macho tofauti kabisa, kwa sababu sasa kuna kitu chake kinachopimwa.

Kwa jaribio la pendulamu huhitaji maabara hata kidogo. Funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, pima kwa tepu ya fundi cherehani, hesabu kwenda na kurudi mara 20 kwa saa ya simu. Utapata kama sekunde 40. Wakishapata namba hiyo kwa mikono yao, waulize: je, Mwezini? Waandike. Ndipo ufungue kioo, uhamishie pendulamu Mwezini, wahesabu tena. Itakaribia sekunde 99. Huko hatuwezi kuwapeleka kwa njia nyingine. Saketi ya mkato, ile ambayo waya unaunganisha ncha za betri moja kwa moja bila balbu, nayo uiache ifanyike kwenye kioo, waone moto ukitoka kwenye betri bila mtu kuungua.

Mwalike mkuu akae nyuma darasani siku hiyo. Mpe naye karatasi aandike utabiri wake.

Mwalimu, mwanangu wa Kidato cha Pili anachukua simu yangu kila jioni, anasema anajisomea. Nimemchunguza, kweli yuko kwenye masomo: video, notsi, maswali ya kubonyeza. Lakini matokeo ya muhula yameshuka. Tatizo ni simu? — Mama wa watoto watatu, Kahama

Mama, pole, na hongera kwa kuchunguza kabla ya kupiga marufuku. Mzazi mwingine angeshaificha simu.

Nadhani mwanao anasoma kweli ila anarudia kutazama badala ya kujipima. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi wasome. Kundi moja likasoma tena na tena. Jingine likasoma, kisha likafunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mwanao akifunga simu saa tatu usiku anajisikia anajua kila kitu, na hasemi uongo. Anajua kwa saa hiyo.

Na maswali ya kubonyeza yana mtego wake. Jibu liko mbele ya macho kati ya manne. Akikosea anabonyeza jingine mpaka kijani kitokee. Mwambie kila swali alijibu kwanza kwenye daftari huku ameziba machaguo kwa kiganja, ndipo abonyeze. Zana zenyewe ni nzuri. Shule Direct, kwa mfano, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu, ina notsi na maswali yanayofuata mtaala wetu wenyewe, hivyo halazimiki kuhangaika na masomo ya nchi nyingine.

Kisha kuna jambo unaloweza kulifanya wewe hata kama hukusoma masomo yake. Akimaliza, chukua simu, weka kando, mwambie: nieleze ulichosoma leo, kwa Kiswahili. Sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anaweza kukariri sentensi nzima ya kitabu bila kujua imebeba nini. Kwa Kiswahili, mbele ya mama yake anayekata mchicha, hawezi kujificha nyuma ya maneno. Akikwama usimgombeze. Mwambie arudi kwenye simu atafute palepale alipokwama, aje akueleze tena. Fanya hivyo wiki nne halafu uniandikie.

Shikamoo Mwalimu. Nilitengeneza mchezo kwenye Scratch, ile programu ya kutengenezea michezo kwa kuunganisha vipande vya maagizo: wewe ni konda wa daladala, abiria anakupa noti, unatakiwa umrudishie chenji sahihi kabla ya kituo kinachofuata. Nikauweka wazi kwa kila mtu. Baada ya wiki mbili nikakuta mtu ameuchukua, daladala ameifanya matatu na nauli ameweka za Kenya. Nimeumia. Niufute? — Kijana wa Kidato cha Nne, Moshi

Marahaba, mwanangu. Usiufute. Kwanza nikupongeze: chenji ni hesabu ya kutoa ambayo kila mtoto wa mjini ameiona ikifanywa kwa kichwa katikati ya fujo, na wewe umeiona kuwa ni somo. Hilo limenifurahisha kuliko barua yoyote mwezi huu.

Maumivu yako nayajua. Miaka kadhaa iliyopita niliandika notsi za mawimbi, kurasa 40, nikazituma kwenye kundi la walimu bure kabisa. Muda si mrefu nikazikuta zinauzwa kwenye steshenari moja, zimepigwa chapa, jina langu limefutwa na kuwekwa la mtu mwingine. Na kosa langu la fomula kwenye ukurasa wa 17 lilikuwa bado pale, maana aliyenakili hakusoma. Nilikasirika siku nyingi.

Lakini tazama tofauti. Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na watu wa maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, na tangu mwanzo waliijenga kwa wazo kwamba kila mradi uliowekwa wazi unaweza kufunguliwa ndani, vipande vyake vikaonekana, na mtu akautengeneza upya. Ukiuweka wazi umekubali hivyo. Leseni yake ni ya Creative Commons inayomruhusu mwingine kubadilisha mradi, kwa sharti amtaje wa kwanza na kuiacha kazi yake wazi vilevile. Fungua huo mradi wa matatu. Kwenye ukurasa wake utakuta kiungo cha kurudi kwako. Mfumo wenyewe huweka shukrani kwa mradi wa asili. Yule wa steshenari alifuta jina langu na hakuongeza chochote. Huyu ameacha lako na akafanya kazi juu yake.

Sasa nakupa kazi. Bonyeza kutazama ndani ya mradi wake, uupitie kipande kwa kipande ukilinganisha na wako. Nauli za Kenya zimemlazimu abadilishe noti na sarafu zote, kwa hiyo huenda ameipanga upya hesabu ya chenji kwa namna ambayo hukuifikiria. Kama amepata njia fupi, ichukue, na umtaje. Kama kuna kosa, mwandikie kwa upole. Mtoto wa Kenya asingejifunza chenji kwa noti ya Nyerere, na wewe huna noti zao mfukoni. Yeye amemalizia kazi ambayo wewe usingeweza.

Kwenye maelezo ya mradi wako andika umeutengeneza kwa ajili ya nini na ungependa nani aubadilishe vipi. Ila usiweke jina lako kamili, shule yako wala namba ya simu. Na kazi ambayo hutaki iguswe, iache bila kuiweka wazi. Mfumo unakuruhusu.

Mwalimu, hayo yote yanataka bando. Najitolea kufundisha watoto jioni Chake Chake, tuna kompyuta tatu za zamani na mtandao ni wa kubahatisha. Sisi tufanyeje?

Chukua flashi, nenda mahali penye mtandao mzuri siku moja, urudi na kazi ya mwaka mzima. Kila jaribio jipya la PhET lina kitufe cha kulipakua. Linakuja kama faili moja la megabaiti chache ambalo hufunguka kwenye kivinjari bila mtandao, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Scratch ina programu ya kusakinisha. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni, ikiwa imefungashwa, ikiwemo ya Kiswahili. Programu nyingine, Kolibri, inageuza kompyuta moja kuwa kama kituo: unapakia masomo humo, nyingine zinasoma kutoka kwake kwa mtandao wa ndani wa chumba. Hiyo ya mwisho inataka uvumilivu kuisimika, ukikwama niandikie.

Tahadhari moja. Nilikuwa na majaribio mengi kwenye flashi, ya mtindo wa zamani uliotegemea programu ya Flash ya Adobe. Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa Desemba 2020, na Januari nilipofungua shule mbele ya darasa, hakuna hata moja lililokubali. Kwa hiyo hakikisha jina la faili lako linaishia na html, na lijaribu kwenye kompyuta zako zote tatu kabla watoto hawajafika.

Mimi ni babu, niko Handeni. Mjukuu wangu ana miaka saba, shule iko mbali na bado hajaanza. Mwanangu ametuletea kishikwambi. Mashine inaweza kumfundisha kusoma? — Babu wa Handeni

Shikamoo babu. Swali lako limewahi kujaribiwa mkoani kwetu hapahapa. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga, wengi wao hawakuwa wanakwenda shule. Kwa mujibu wa waandaaji, mwanzoni zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 ushindi ukagawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, na kazi za timu tano za mwisho zikawekwa wazi ili yeyote azitumie. Mwambie mwanao azitafute.

Kwa hiyo ndiyo, babu, inaweza kumwanzisha. Lakini soma tena hesabu ile: nusu bado walibaki hawajui. Kwa hiyo usimwache peke yake na kishikwambi. Kaa naye mkekani. Herufi ikitokea, kabla hajaigusa, muulize inaitwaje na aiseme kwa sauti, kisha ndipo abonyeze. Ukiona anabonyeza ovyo ovyo, amechoka. Dakika ishirini asubuhi zinatosha. Zikiisha mpe kipande cha mkaa na mlango wa jiko aiandike herufi ileile, kubwa, kwa mkono wake, na mambo ya shule yaendelee kufuatiliwa na mwanao, maana mwaka wa kumwandikisha umeshafika.